Mwalimu, Nyumba Namba Saba

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikifundisha watoto wa watu kuandika anwani. Kona ya juu, mkono wa kulia: shule, sanduku la posta, mji, tarehe. Anayesahau sanduku la posta nampunguzia alama, na anayesahau mji namsimamisha mbele ya darasa atuambie barua yake ilipanga kulala wapi. Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba yaliyonipata hayakutokana na kukosa elimu.

Nilipohamishiwa shule moja upande wa Mraru, nilipanga nyumba Voi mjini. Mama hakufurahi. Yeye yuko Mghange, kijijini kwetu milimani, peke yake tangu baba atutoke, na mimi ndiye kitinda mimba niliyekuwa nimebaki naye. Lakini hakulia wala hakunizuia. Aliniuliza tu nyumba yenyewe ikoje, nikamwambia ni fleti, niko ghorofa ya pili.

"Utakaa juu ya vichwa vya watu?" akauliza.

"Na wengine watakaa juu ya changu, Mama."

"Basi hiyo ni haki," akasema, na tukaliacha hapo.

Ploti yenyewe ilikuwa na majengo mawili ya rangi ya manjano, moja mbele na moja nyuma, na katikati ua wa kuanikia nguo. Mwenye nyumba alijenga la mbele kwanza, akaita fundi wa rangi, milango ikaandikwa moja hadi kumi na mbili. Miaka ikapita, akapata nguvu ya kujenga la nyuma, akamwita fundi yule yule. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo, fundi akaanza tena na moja. Kwa hiyo tulikuwa na kila namba mara mbili, na hakuna aliyejali, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandikiwa barua pale. Mgeni akija, unamwambia afike geti jeusi kisha apige simu. Barua za serikali zinakwenda sanduku la posta la shule. Mlango kuwa na namba lilikuwa pambo tu, kama pazia.

Jumapili moja Mama akanipigia, akaniuliza akitaka kunitumia kitu aandike nini juu yake. Kuna dereva wa kijijini kwetu anayeshuka Voi kila siku. Huacha mizigo kwenye ofisi ya gari pale steji, na bodaboda wanaisambaza.

"Andika: Mwalimu, nyumba namba saba, fleti za manjano, Voi," nikasema. "Halafu weka namba yangu ya simu."

"Namba yako ya simu juu ya gunia? Isomwe na kila mpakizi kutoka hapa hadi Voi?"

"Basi iache simu."

"Na jina?"

"Mwalimu inatosha, Mama. Wataniuliza getini."

"Una hakika hiyo ni anwani kamili?"

"Mama, mimi ninafundisha hayo mambo."

Alinyamaza kidogo. Mama akinyamaza kwenye simu, huwa ananipa nafasi ya kujirekebisha. Sikuitumia.

Mwezi ukaisha bila gunia. Nilijua amekasirika kwa kuwa nimehama, na nikaona si vizuri kuulizia zawadi ambayo mtu ameamua kutoitoa. Yeye naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa na adabu zake: anayetoa haulizi kama kimefika, maana huko ni kudai shukrani. Kwa hiyo kila Jumapili tuliongea habari za mvua na afya, kila mmoja akiwa mpole kabisa kwa mwenzake.

Kisha siku moja gunia likaja. Bodaboda alipanda nalo ngazi mpaka mlangoni bila kuuliza mtu. Ndani kulikuwa na viazi, maharagwe na avokado zilizofungwa moja moja kwenye gazeti. Juu yake Mama alikuwa ameshona kipande cha katoni, na kwenye katoni ile, kwa kalamu nene nyeusi, aliandika hivi: Mwalimu wa kike, wa sekondari. Mlango namba 7, ghorofa ya pili, wa mwisho kushoto. Jengo la nyuma, lenye ngazi za nje. Fleti za manjano, Voi.

Niliisoma mara mbili. Mama hakuwa amewahi kufika pale. Sikukumbuka kumwambia kuhusu ngazi za nje wala mlango wa mwisho kushoto. Lakini viazi vilikuwa vizuri, na mtu akipata viazi vya kwao hachunguzi sana.

Baada ya hapo Jumapili zikaanza kubadilika. Tunamaliza mvua, tunamaliza afya, halafu Mama anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, chipsi si chakula cha jioni." Jumapili nyingine: "Shuka zianuliwe mapema, usingoje zitiwe vumbi na upepo wa huko." Nyingine: "Yule fundi wa bomba alirudi, au ndiyo ameshapotea?"

Nikamuuliza nani amemwambia habari za bomba. Akasema mzazi hujua.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mwenzangu wa Hesabu anayetoka upande wa Mghange, mtu mpole asiye na neno. Nikaamua ni yeye. Nilimnunia wiki tatu. Nilihama meza ya chai, nikawa namjibu kwa neno moja, na mara moja niliona ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alichokosa. Hakuwa amekosa kitu. Nimeshamwomba radhi, lakini mpaka leo akitaka kuazima chaki kwangu hubisha hodi kwanza.

Ukweli ulikuja Jumamosi alasiri. Nilikuwa nasahihisha insha, nikasikia hodi. Bodaboda amesimama na mfuko wa avokado, na bahasha imefungwa juu yake kwa kamba.

"Mwalimu wa namba saba?" akauliza.

"Ndiye mimi."

Akaenda zake. Nikachana bahasha, nikafungua barua nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ulikuwa mwandiko wa Mama, ule wa kuinama kidogo kama mtu anayepanda mlima.

"Mwalimu mpendwa," ilianza. "Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Nimepokea barua yako pamoja na tende, Mungu akuzidishie. Nashukuru kwa habari za binti yangu. Hizo chipsi mara tatu kwa wiki zinanipa mawazo, lakini umenituliza uliposema anaonekana ana afya na kwamba huimba akifua. Hapa nyumbani hakuwahi kuimba. Je, ni nyimbo za kanisa?"

Niliokota bahasha chini. Juu yake, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali, Mama alikuwa ameandika: Mwalimu wa madrasa, nyumba namba 7, jengo la mbele.

Damu ilinipanda usoni. Hasira ilikuwepo, ndiyo, lakini lililonichoma zaidi lilikuwa lile la kuimba. Mimi siimbi vizuri. Nilikuwa nikidhani maji ya bomba yanafunika.

Nikachukua mfuko na barua, nikashuka ngazi, nikavuka ua.

Mzee wa namba saba ya mbele nilikuwa nikimwona kila siku na kumpungia mkono tu. Alikuwa mtu wa Taveta, kwao karibu na Ziwa Chala, mjane, amevaa kofia iliyofuliwa mpaka ikapauka. Jioni alifundisha watoto madrasa, na ploti nzima ilimwita Mwalimu. Mimi, kama nilivyogundua siku ile kwa masikitiko, hakuna aliyeniita Mwalimu pale. Soja wa getini, majirani, mama wa duka, wote walinijua kama madam wa juu.

Nilimkuta amekaa barazani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Nikampa barua. Hakuangalia ndani. Aliigeuza bahasha, akasoma anwani taratibu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akapitisha kidole pale nilipochana.

"Barua ni yangu," akasema. "Lakini imeshafunguliwa."

"Nisamehe. Sikusoma juu."

"Na wewe ndiye unayefundisha?"

"Ndiyo."

"Mm," akasema, na ile hasira niliyokuwa nimevuka nayo ua ikaanza kukosa pa kukaa.

Akanimiminia chai ya tangawizi, akaniambia yote bila kuficha. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa posta, wa kupanga barua. Miaka thelathini alikaa akitia barua za watu kwenye visanduku vyao. Gunia la kwanza la Mama lilipofika getini limeandikwa Mwalimu, namba saba, soja hakusita, akamwelekeza bodaboda kwake.

"Nilidhani ni mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja amenikumbuka," akasema. "Avokado zilikuwa zimeiva, hazingojei. Nikala, nikawapa na majirani. Barua ilikuwa chini kabisa, chini ya maharagwe. Nikaisoma. Iliniambia nivae sweta ya zambarau asubuhi, na nisiache kwenda kanisani. Hapo nikaona, la, hii si yangu."

Nilitaka kubaki nimekasirika, lakini nilimwazia ndani ya sweta yangu ya zambarau, katika joto la Voi, nikalazimika kuinamia kikombe nisicheke.

"Kwa nini hukuniletea?"

"Nilimuuliza soja ni nani mwingine hapa anafundisha, akanionyesha mlango wako. Nikapanda ngazi zile mara mbili, na unaona magoti yangu. Hukuwepo. Mara ya tatu nikaitia barua ya mama yako katika bahasha, nikaipitisha chini ya mlango. Tangu hapo ukipita unanipungia mkono, nikadhani umeisoma."

Nikaikumbuka. Bahasha ya kaki, jina langu halipo, "Mwalimu" tu. Nilidhani ni mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua, nikaiweka chini ya insha za kidato cha pili ili niisahau kwa heshima. Ilikuwa bado iko pale.

"Basi nikamwandikia mama yako," akaendelea. "Mtu akila cha mwenzake, amwambie mwenyewe. Anwani yake alikuwa ameiandika kamili juu ya barua, kulia, inavyotakiwa. Nikamweleza kwamba namba saba hapa ni mbili, na nikamwandikia njia ya kufika kwako, mstari kwa mstari. Naye akanijibu kwamba avokado nilizokula ni halali yangu. Kisha akaniomba nimwambie binti yake anaishije, maana yeye mwenyewe hasemi."

"Kwa hiyo ukawa unanichunguza."

"Sikuchunguza. Nimeandika yale yanayoonekana kutoka kwenye kiti hiki. Unapotoka, unaporudi, ulichobeba. Mambo ya wageni wako sikuyagusa."

"Sina wageni."

"Hilo niliandika," akasema.

Nikamwomba anionyeshe barua nyingine za Mama. Akakataa, kwa upole lakini kabisa. Akasema barua ni ya yule aliyeandikiwa, na kwamba katika miaka thelathini hakufungua hata moja isiyo yake. Halafu akaitazama ile niliyoichana, akaiweka mfukoni.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mghange. Njia nzima kutoka Mwatate kwenda juu nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri, yenye utangulizi. Nikamkuta Mama nyuma ya jiko anamenya viazi, shuka mabegani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

"Umekonda," akasema.

"Mama, umeniwekea mpelelezi."

"Mpelelezi hujificha. Yule anaweka jina lake na anwani yake juu ya kila barua."

"Ungeniuliza mimi mwenyewe."

"Nakuuliza kila Jumapili," akasema, na kisu hakikusimama. "Unanijibu uko sawa. Tangu uhame uko sawa. Hata baba yako, mtu aliyekuwa na afya, hakuwahi kuwa sawa muda mrefu hivyo."

Nikaiweka hotuba yangu kando. Nikakaa kwenye kigoda kingine.

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba nilipokuwa shule ya bweni nilimwandikia kila mwezi, na barua zile bado anazo. Niliandika kila kitu, hata kunguni wa kitandani, hata msichana aliyeniibia sabuni na jinsi nilivyoipata tena. Siku hizi anapata sauti yangu.

"Sauti naisikia," akasema. "Ikikatika, nabaki nimeshika simu. Lakini barua ya yule mzee nikimaliza kuisoma, bado iko. Nikingoja maharagwe yaive naisoma tena. Ndipo najua siku ile ulibeba nini, ulivaa nini. Najua umenunua ndoo ya kijani."

Ilikuwa kweli nimenunua ndoo ya kijani. Nilitaka kumwambia samahani, lakini kwetu neno hilo likisemwa na mtoto mkubwa kwa mzazi linasikika kama tangazo la ugonjwa. Nikanyoosha mkono, akanipa kisu, nikamenya viazi vilivyobaki. Yeye akaenda kuleta chumvi na akakaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.

Niliporudi Voi nilianza kumwandikia. Barua ya kwanza ilinichukua jioni tatu. Mimi ninayewapa wanafunzi dakika arobaini nilikaa mbele ya karatasi nisijue habari ya mtu mzima anayeishi peke yake inaanzia wapi. Niliishia kumweleza namna fundi wa bomba alivyokuja, akalisikiliza bomba kama daktari, akaondoka. Niliitia katika bahasha, nikaandika anwani yake mstari kwa mstari, nikaipeleka posta mwenyewe. Akajibu baada ya wiki mbili. Alifurahi sana, alisema, isipokuwa nimesahau tarehe, na Kiswahili cha yule mzee kina mapana zaidi, labda nimwombe anisaidie.

Sikumwomba. Lakini nilianza kupita barazani kwake nikitoka shule. Aliniambia mambo ya kazi yake ya zamani: bahasha zilizoandikwa "Kwa mjomba, Taveta" tu, na jinsi zilivyofika, kwa sababu karani wa kule aliwajua wajomba wote. Alisema siku hizi watu wana namba nyingi na njia chache. Nilimpigia simu mwenye nyumba aweke alama kwenye majengo, na akamtuma fundi wake yule yule. Fundi alipaka herufi B kubwa, nzuri, yenye kivuli, kwenye ukuta wa nyuma kabisa, ule unaotazama kichaka. Ng'ombe wa jirani sasa wanajua tunapokaa.

Mwaka huu Mama alishuka Voi kupimwa macho hospitalini. Alikuja na kitenge chake cha ibada na mfuko wa avokado, na baada ya daktari akasema, kama mtu aliyekumbuka tu wakati ule, kwamba ingekuwa vibaya kupita bila kumsalimu yule mzee.

Mzee alikuwa amejiandaa. Kanzu imepigwa pasi, mkeka mpya, sahani ya mahamri imefunikwa kwa kitambaa. Waliamkiana kwa heshima nyingi, wakakaa, mmoja huku na mwingine kule, nami katikati na birika.

"Mvua huko vipi?" akauliza Mzee.

"Si mbaya," akasema Mama. "Na magoti?"

"Alhamdulillahi, si mabaya."

Kisha wakanyamaza. Hawa ni watu walioandikiana kurasa nyingi. Mama alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba alimsimulia namna baba alivyofariki, na yeye akamsimulia habari za mkewe. Sasa mmoja alitazama mahamri na mwingine alitazama ua, mahali nguo zangu zilipokuwa zimeanikwa. Nikamimina chai ambayo hakuna aliyeihitaji. Mama akasifu mkeka. Mzee akasema ulitoka Taveta. Mama akasema unaonekana ni wa Taveta.

Mwisho Mzee akakohoa kidogo. "Kuna jambo nilikuwa nataka kukueleza kuhusu lile swali lako la mwezi uliopita," akasema. "Lakini labda nitakuandikia."

"Ndiyo," akasema Mama haraka, na mabega yake yakashuka. "Niandikie."

Baada ya hapo wote wawili walikula vizuri.

Nilimsindikiza Mama hadi steji. Dereva wetu wa kijijini alikuwa amemwekea kiti cha mbele. Mama akaingia, akapanga mfuko wake magotini, akafunga mkanda, akateremsha kioo.

"Nilidhani ni mrefu," akasema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Anaandika kama mtu mrefu."

Alifikiria hilo kidogo, kisha akaniambia nirudi nyumbani kabla giza halijaingia, na nisipitie kwa muuza chipsi.